Askari wa milimita 28: sayansi iliyomo ndani ya vita vya mezani

Shika rula, uhesabu milimita 28. Ni kama urefu wa kipande cha juu cha kidole gumba chako. Sasa fikiria kwenye nafasi hiyo amesimama mtu mzima: bunduki mkononi, mkanda wa risasi kiunoni, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na uso wa mtu aliyetembea tangu alfajiri. Rafiki yangu anayesoma Nottingham, Uingereza, alikikuta kisanamu hicho kwenye duka la michezo, akanitumia picha. Kilikuwa kwenye pakiti pamoja na wenzake, na maandishi yalisema ni askari wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, 1914. Pembeni kulikuwa na jarida lililofunguliwa kwenye ramani ya Tanga. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Bwana wee, wametuuza kwa pakiti. Hivi hawa watu wazima wanacheza nini?"

Nilianza kumjibu kwa utani. Wiki mbili baadaye bado nilikuwa nasoma, maana ndani ya mchezo huu kuna kemia ya metali, kuna fizikia ya macho, kuna nadharia ya uwezekano, na kuna modeli za hesabu ambazo ni ndugu wa zile ninazotumia mimi kila siku kwenye maambukizi ya magonjwa. Na kuna kitu kimoja kinachokosekana mezani, nacho ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa haraka. Watu wawili au zaidi wanasimama kuzunguka meza kubwa iliyopambwa vilima, miti na nyumba. Kila mmoja ana jeshi la visanamu alivyovipaka rangi mwenyewe. Wanavisogeza kwa kupima na rula, wanarusha dadu kuamua risasi zimempata nani, na kuna kitabu cha kanuni kinachosema nini kinaruhusiwa. Si kitu cha jana. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reiswitz, akiendeleza wazo ambalo baba yake alimwonyesha mfalme mwaka 1812, alitoa kanuni za mchezo ulioitwa Kriegsspiel. Ulichezwa kwenye ramani ya skeli ya 1:8000, na majedwali yake ya dadu hayakutungwa kichwani, yalitokana na majaribio halisi ya kupiga shabaha. Jeshi likautumia kufundishia maofisa. Baadaye mwandishi H. G. Wells, yule wa hadithi za sayansi, akatoa Little Wars mwaka 1913: kanuni za kucheza sakafuni kwa askari wa kuchezea na mzinga mdogo wa springi unaorusha kijiti kweli. Mwaka mmoja baadaye vita halisi vikaanza.

Hobi kama tunavyoiona leo ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili, na ilikuzwa na majarida. Mmarekani Jack Scruby alianzisha War Game Digest mwaka 1957, huku akiuza visanamu alivyomimina mwenyewe. Mwingereza Don Featherstone akafuata na Wargamer's Newsletter mwaka 1962. Yakaja Miniature Wargames mwaka 1983 na Wargames Illustrated mwaka 1987, ambalo mara nyingine hutoka na fremu ya visanamu vya plastiki imebandikwa juu kama zawadi. Usiyadharau majarida haya. Ukiyasoma kwa macho ya mtafiti unakuta muundo unaoufahamu: hapa kuna orodha ya vikosi vilivyokuwepo na idadi yao, hapa kuna ramani, hapa kuna kanuni zilizotumika, hapa kuna matokeo ya pambano lililochezwa, na toleo linalofuata kuna barua ya mtu anayelalamika kwamba kikosi fulani hakikuwa na koti la rangi ile mwaka ule. Mbinu, matokeo, na wakaguzi wakali kuliko wengi niliowahi kukutana nao.

Bomba la maji mkononi

Turudi kwenye milimita 28. Ukisikia namba hiyo utadhani ni urefu wa kisanamu kutoka unyayo hadi utosini. Watengenezaji wengi hupima hadi machoni, kwa sababu utosini kuna kofia, na kofia zinatofautiana. Macho ya mtu wa kawaida yako kama mita 1.6 kutoka chini. Gawanya milimita 1600 kwa 28, unapata 57. Ndiyo maana visanamu hivi husemwa kuwa na skeli ya 1:56 hivi.

Sasa chukua bunduki. Mdomo wa bunduki ya wakati ule, ukiupima kwa nje, una upana wa milimita 17 hivi. Gawanya kwa 56, unapata milimita 0.3. Huo ni unene wa nywele chache zikilazwa pamoja. Metali iliyoyeyuka haitaki kuingia kwenye kijia chembamba namna hiyo: mvutano wa uso wake unaizuia, na hata ikiingia inaganda kabla haijafika mwisho. Ikifika, basi mtu wa kwanza kukishika kisanamu atakunja bunduki. Kwa hiyo mchongaji anaifanya bunduki iwe na unene wa karibu milimita 1. Irudishe kwenye ukubwa halisi: milimita 56. Huyo askari amebeba bomba la maji.

Na si bunduki tu. Mikono inanenepeshwa, kichwa kinakuzwa, mikunjo ya nguo inachimbwa. Hapa hoja inahamia kwenye jicho. Jicho zuri la binadamu linatenganisha vitu viwili kama pembe kati yao ni dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Ukisimama mita 1 kutoka mezani, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.3. Njia nyingine ya kusema hivyohivyo: kumtazama kisanamu wa 1:56 kutoka mita 1 ni sawa na kumtazama mtu halisi aliye mita 56 mbali. Nenda nje ujaribu. Kwa mita 56 utajua huyu ni mtu, utajua shati lake ni la rangi gani, lakini kama ana hasira au furaha utabahatisha. Mchezaji aliyelipa hela zake anataka kuona uso. Kwa hiyo mchongaji anatia chumvi, na mpaka rangi anatia chumvi zaidi: giza kwenye mikunjo, mwanga kwenye kingo, vivuli vya bandia juu ya kitu ambacho tayari kina vivuli vyake. Ni kama vipodozi vya jukwaani. Ukiviona karibu vinatisha, ukiwa kiti cha nyuma vinakaa sawa.

Risasi, bati na mtindi

Neno letu "risasi" lina maana mbili: ile metali nzito laini, na kile kinachotoka kwenye bunduki. Kwa askari wa kuchezea maana hizo zilikuwa kitu kimoja. Kwa miaka mingi vilimiminwa kwa risasi. Kampuni ya William Britain mwaka 1893 ilileta ujanja mzuri wa kupunguza gharama: unamimina risasi kwenye kalibu, unasubiri kidogo tu, halafu unaupindua. Metali inaganda kuanzia nje, pale inapogusa kalibu baridi, kwa hiyo kile cha katikati kinamwagika kikiwa bado maji, na unabaki na askari mwenye ngozi ya risasi na tumbo tupu.

Visanamu vya hobi havina tumbo tupu, vimejaa. Vilimiminwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, na ninaposema bati namaanisha metali ya stani, siyo mabati ya nyumba ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Risasi peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Stani peke yake, 232. Ungetegemea mchanganyiko wao uyeyuke mahali fulani katikati, sivyo? Haifanyi hivyo. Ukichanganya stani asilimia 62 na risasi asilimia 38, mchanganyiko unayeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya wote wawili. Atomi za metali moja zinavuruga mpangilio wa nyingine, hivyo hali ya kimiminika inabaki na nafuu mpaka joto la chini zaidi. Kiwango hicho kinaitwa yutektiki. Fundi redio wa mtaani kwako anakijua bila jina hilo, maana waya wake wa kulehemu wa zamani ni mchanganyiko huohuo kwa karibu kabisa.

Faida yake kwa mtengenezaji wa visanamu ni mbili. Joto dogo linaruhusu kutumia kalibu ya mpira badala ya chuma. Na kwenye yutektiki metali inapita kutoka maji hadi kugandishwa kwa mkupuo, bila kupitia hali ya uji, kwa hiyo inatiririka vizuri hadi dakika ya mwisho. Kalibu hiyo ni duara mbili za mpira zilizopikwa kwa joto na mgandamizo zikiwa zimembana askari wa mfano katikati. Inawekwa kwenye mashine inayozunguka, metali inamiminwa kwenye tundu la katikati, na mzunguko unaisukuma pembezoni hadi kwenye vidole na mdomo wa bunduki. Mpira una raha yake nyingine: unapinda. Kama kuna kiwiko kimejichomoza, unaukunja mpira kidogo na askari anatoka.

Lakini risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wameiacha, wakahamia kwenye stani yenye antimoni kidogo ya kuiimarisha. Stani ni ghali mara kadhaa kuliko risasi. Na hapo ndipo plastiki ilipopata nafasi.

Plastiki ngumu ya visanamu ni polistirini, ndugu wa vikombe vya mtindi. Inayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua. Gundi yake haigandishi, inayeyusha: inalainisha nyuso mbili, minyororo ya molekuli inaingiliana, kiyeyusho kinaruka hewani, na vipande vimekuwa kitu kimoja. Kama umewahi kuona petroli ikila lile boksi jeupe jepesi linalofungiwa televisheni mpya, umeona kemia hiyohiyo. Askari laini wa Airfix wa 1:72, walioanza kuuzwa mwaka 1959, walikuwa wa polithini, ambayo haikamati gundi wala rangi. Wazee wa hobi bado wanasimulia jeshi zima lililobanduka rangi kwenye bunduki na mikanda.

Kalibu ya chuma haipindi. Kiwiko kilichojichomoza kinakwama, ndiyo maana askari wa plastiki huja vipande vipande kwenye fremu, mkono huku, kichwa kule, uunganishe mwenyewe. Na kalibu ya chuma ni ghali. Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu. Tuseme kalibu ya chuma ni pauni 10,000 na kila askari wa plastiki anagharimu senti 5 za pauni. Kalibu ya mpira ni pauni 100, na kila askari wa metali anagharimu senti 50. Tofauti ya kalibu ni 9,900, tofauti kwa kila askari ni 0.45. Gawanya: plastiki inaanza kulipa ukishauza askari 22,000.

Hesabu hiyo fupi inaeleza rafu nzima ya duka. Wanajeshi wa Napoleon, Warumi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Wajerumani wa 1944: plastiki, kwa sababu wanunuzi wapo. Askari wa Tanga: metali, kwa sababu wanaomtaka ni wachache. Uchaguzi wa plastiki au metali unakuonyesha, kwa kiasi kikubwa, historia ya nani ina soko. Siku hizi mashine za kuchapa kwa resini zinavunja mpaka huo. Resini ya maji inapigwa mwanga wa zambarau wa nanomita 405, inagandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka milimita 0.05, ambayo kwenye mwili wa mtu halisi ni kama milimita 3. Hakuna kalibu, kwa hiyo askari wa kwanza ana gharama sawa na wa elfu moja. (Ukiona mtu anaigusa resini mbichi bila glavu mkanye. Inaleta mzio wa ngozi ambao haukuachi.)

Mnazi wa mita 360

Sasa tuweke jeshi mezani. Tanga, Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Uingereza alikuja kwa meli kutoka Bombay na watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi wa Kihindi. Kwanza kabisa meli ya kivita iliingia bandarini kutoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa, kwa hiyo ushtukizi ukaishia hapo. Kuanzia usiku wa tarehe 2 watu wakashushwa karibu na Ras Kasone. Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa analeta wake kwa treni ya reli ya Usambara kutoka Moshi. Tarehe 4, siku ya pambano kubwa, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika.

Huwezi kununua visanamu 9,000. Kwa hiyo kisanamu kimoja kinasimama badala ya watu 20: Aitken anapata 400, Lettow 50. Hiyo ni skeli ya kwanza. Ya pili ni ile ya mwili, 1:56. Ya tatu ni ya ardhi. Kwa 1:56, mita 300 za kupiga bunduki zingekuwa zaidi ya mita 5 mezani, ungepigania sebuleni hadi jikoni. Kwa hiyo kanuni zinasema, kwa mfano, mita 300 ni sentimita 30, yaani 1:1000. Tatizo ni kwamba mnazi wa mita 20 uliotengenezwa kuendana na askari una sentimita 36. Ukiusoma kwa skeli ya ardhi, huo ni mnazi wa mita 360. Dafu lake likidondoka sijui.

Wachezaji wanajua, na hawajali, kwa sababu kila skeli ina kazi yake. Ya mwili ni ya macho, ya ardhi ni ya mwendo na mtutu, ya idadi ni ya mfuko. Ramani ya barabara kwenye simu yako inafanya hivyohivyo: barabara imechorwa nene mara kumi ya upana wake, la sivyo usingeiona.

Dadu nazo zina somo. Tuseme askari 10 wanapiga, na kila mmoja anapata shabaha akirusha 5 au 6, yaani uwezekano wa theluthi moja. Wastani ni shabaha 3.3. Lakini mkengeuko sanifu, kipimo cha matokeo kutawanyika kuzunguka wastani, ni 1.5, karibu nusu ya wastani wenyewe. Kuna uwezekano wa asilimia 1.7 kwamba wote 10 wanakosa. Ukiwa na askari 100, wastani ni 33 na mkengeuko ni 4.7 tu, kama asilimia 14. Kundi kubwa linatabirika, kundi dogo ni bahati. Ndiyo maana mchezo wa visanamu 12 una kelele na vicheko, na mchezo wa visanamu 400 unaanza kufanana na uhasibu.

Vizibo 20 dhidi ya 10

Mwaka 1914 huohuo mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, aliyekuwa akitengeneza magari, alichapisha milinganyo miwili kuhusu vita. Huhitaji kalkulasi kuionja. Tafuta vizibo vya soda na dadu ya ludo. Upande mmoja vizibo 20, mwingine 10. Kila raundi, kila kizibo kilicho hai kinarusha dadu, na kila 6 inatoa kizibo kimoja cha adui. Pande zote zinapiga kwa pamoja, halafu mnaondoa waliokufa.

Ungedhani 20 watapoteza 10 wakiwaua 10. Jaribu. Mkubwa atabaki na vizibo 16 au 17 kwa wastani. Sababu ni kwamba anafaidika mara mbili: anapiga risasi nyingi zaidi, na wakati huohuo risasi za adui zinapungua kila raundi. Kanuni ya Lanchester inasema nguvu ya jeshi ni idadi yake kwa kipeo cha pili. Hapa ni 400 dhidi ya 100. Zinabaki 300, na kipeuo chake cha pili ni 17.3.

Sasa badilisha sheria moja. Vizibo vinapigana kwenye kichochoro: watano tu kila upande ndio wanaorusha kwa wakati mmoja, wengine wanasubiri nyuma kujaza nafasi. Vilevile 20 dhidi ya 10. Sasa mkubwa anabaki na 12 au 13. Watu ni walewale, dadu ileile, lakini idadi imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Peleka Tanga. Kwa kanuni ya kipeo cha pili, 8,000 dhidi ya 1,000 ni nguvu ya 64 kwa 1. Hesabu inasema Aitken angewamaliza wote na kupoteza watu 63. Kilichotokea ni kwamba alipoteza zaidi ya 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea, akarudi melini tarehe 5, akiacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zaidi ya laki 5. Modeli imekosea vibaya, na ni pale inapokosea ndipo inapofundisha. Inadhani kila mtu anamwona kila adui. Tanga palikuwa na mashamba ya mpira na vichaka, watu waliotoka kwenye safari ndefu ya bahari walisukumwa mbele bila kuona, na baadhi ya vikosi vikasambaratika mapema huku vingine vikifika hadi mjini. Kilikuwa kichochoro. Isitoshe modeli inadhani mtu anapigana mpaka afe. Watu hawafi kwanza, wanakimbia kwanza, ndiyo maana kanuni nzuri za mezani hutumia dadu nyingi kupima moyo wa kikosi kuliko kupima shabaha.

Halafu kuna nyuki. Risasi zilivuruga mizinga iliyokuwa kwenye miti, makundi yakawavamia watu wa pande zote mbili, na baadaye ikaenea hadithi kwamba Wajerumani waliwatega kwa makusudi. Hawakuwatega. Mchezaji anayetengeneza pambano la Tanga lazima aamue: nyuki ni kadi unayoivuta kwa bahati? Wanapiga upande gani? Nimependa swali hilo kwa sababu sisi wa modeli za magonjwa tunalo: tukio adimu utaliingiza, au utaliita kelele na kuliacha?

Asiyekuwepo mezani

Tanga ilikuwa na reli na bahari. Miaka minne iliyofuata haikuwa hivyo. Vita vilikwenda Kilimanjaro, Morogoro, Rufiji, Msumbiji, hadi Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 1918. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Mizigo ikabebwa na watu.

Fanya hesabu hii, ni rahisi kuliko ya Lanchester. Mpagazi anabeba kilo 27. Tuseme anakula kilo 1 kwa siku, na anakula kwenda na kurudi. Kikosi kikiwa mbali siku 10, anakula kilo 20 njiani na anafikisha 7. Kikiwa siku 13, anafikisha kilo 1. Zaidi ya hapo anatembea kujilisha mwenyewe, na mtu atakayemlipa kasoro hiyo kwa tumbo lake ni yeye. Wapiganaji 1,000 walio siku 10 mbali wanahitaji kilo 1,000 kila siku. Safari ya mpagazi ni siku 20, kwa hiyo katika mzunguko mmoja zinahitajika kilo 20,000. Gawanya kwa 7: wapagazi 2,857. Hiyo ni unga tu. Bado risasi, dawa, mahema na viti vya maofisa.

Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza. Wapagazi waliokufa upande huo peke yake wanakadiriwa kukaribia laki 1, wengi kwa kuhara damu, nimonia na malaria, wala si kwa risasi. Walio wengi hawakuandikwa jina kwenye kaburi wala ukuta. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hilo na kuomba radhi. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar, ya mwaka 1927, ni ya mtu mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi angalau imemweka mpagazi pembeni ya askari.

Nilimuuliza rafiki yangu kama jarida lile lilikuwa na kanuni ya wapagazi. Akarudi dukani kuangalia. Lilikuwa na aya mbili nzuri kuwahusu kwenye utangulizi, akasema, na kwenye kanuni hakuna kitu, maana pambano ni la siku moja na chakula cha siku moja kila mtu anacho mfukoni. Kwa pambano la Tanga mwandishi yuko sahihi kabisa. Ila kuna watengenezaji wanaouza visanamu vya wapagazi, wenye mizigo kichwani, na wachezaji huvinunua kupamba ukingo wa meza. Kwa skeli ileile ya mmoja kwa 20, askari 50 wa Lettow walio siku 10 kutoka kwenye ghala wanahitaji 143. Rafiki yangu ameshanunua pakiti ya kwanza. Wamo wanne, na anasema kwenye mizigo ndiko kugumu kupaka, kamba ni nyembamba mno.